Mrejesho: kamati ya maji imetusomea ripoti

Jamani nimerudi na mrejesho. Niliuliza tufanyeje, mradi wa maji ni wetu wenyewe wananchi lakini kamati haitusomei mapato na matumizi, kila mkutano tunaambiwa mambo yanaenda vizuri basi. Asanteni sana mlionijibu, hasa yule aliyesema tusianze na pesa tuanze na mita, yaani tuulize zimetoka uniti ngapi kwenye mita kubwa ya tangi na za majumbani zimesoma ngapi.

Tukaandika barua, tukasaini majirani 14, mwenyekiti akakubali. Mhasibu akaja na daftari akajumlisha mbele yetu, karibu theluthi ya maji haionekani popote! Watu kimya. Fundi akasema tusome mita kubwa usiku wa manane watu wamelala, na kweli tumemulika na tochi tukakuta sindano inazunguka tu, siku ya tatu tukalipata bomba limepasuka chini ya mtaro. Limeshazibwa.

Ila ushauri wa kuleta mkaguzi wa nje umegonga mwamba, kamati inasema hela hakuna, hilo bado linaniuma. Ripoti sasa inabandikwa mlangoni pa ofisi kila mwezi.