MREJESHO: Kukatizwa katikati ya kuandika msimbo wa programu

Niliuliza kwa nini mwandishi wa programu akikatizwa kwa swali la dakika moja anachelewa sana kurudi kwenye kazi, na afanyeje. Asanteni wakuu, mrejesho ndio huu.

Chanzo ni kumbukumbu ya muda mfupi. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria kwamba inabeba vitu kama 4 tu kwa wakati mmoja. Anayesaka hitilafu kwenye programu ameshika kichwani thamani ya kigeu (jina linalobeba data), fanksheni (kipande cha programu) inayoitumia, sharti la kitanzi (sehemu inayojirudia) na dhana anayoijaribu kuhusu chanzo cha hitilafu. Imeshajaa. Akisemeshwa, kimoja kinadondoka, na mara nyingi ni ile dhana, kwa sababu haimo popote kwenye skrini.

Kilichosaidia kweli ni kuiandika dhana kabla ya kuinua macho, juu ya mstari unaochunguzwa: nadhani orodha ni tupu hapa, chapisha urefu wake. Usiweke mbele yake alama ya komenti, ile inayoifanya kompyuta iruke maneno hayo! Programu itagoma kukompaili (kugeuzwa iweze kuendeshwa na kompyuta), na ujumbe wa kosa utakurudisha palepale ulipoachia.

Vipokea sauti vya masikioni havikufua dafu, watu wanagusa bega. Afadhali timu nzima ikubaliane ukimya, tuseme saa 3 hadi saa 5 asubuhi, na mtu mmoja awe zamu ya dharura za seva. Asipokuwepo huyo wa zamu, kila mmoja anaendelea kuchungulia ujumbe kwa hofu, na kichwa hakitulii.