Mpishi kakutwa na bakteria puani ila haumwi. Nimtoe jikoni?

JikoniZamu: Wakuu, naomba ushauri. Majibu ya vipimo vya wafanyakazi yametoka: mpishi mmoja ana Staphylococcus aureus puani. Hana homa wala kidonda, na haharishi. Kazi yake ni kuchambua kuku aliyeiva kwa ajili ya saladi. Nimtoe? Au tukipasha kuku moto tena tumemaliza?

MtuWaMaabara: Usimtoe. Karibu mtu 1 kati ya 3 au 4 anao puani na ni mzima, utabaki na jiko tupu. Wa kuzuiwa asiguse chakula ni mwenye jipu au kidonda chenye usaha mkononi, mpaka apone.

Kupasha moto hakusaidii. Bakteria watakufa, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haiharibiki hata ukichemsha, na chakula hakinuki. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa chache tu. Kuku aliyeiva ndiye mtego wenyewe: moto umeua bakteria wengine ambao wangeshindana nao, halafu mkono unawapanda hawa kwenye shamba lisilo na magugu.

Kwa hiyo atumie koleo au glavu. Kuku atandazwe kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5. Ashuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha afike 5 ndani ya saa 4 nyingine. Sufuria nzima ikitiwa kwenye friji, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi.

Bwana_Usafi: Glavu nazo zisikudanganye. Akijikuna pua nazo, ni mkono mchafu ule ule. Azivue, anawe kwa sabuni sekunde 20 (kucha na vidole gumba ndivyo husahaulika), avae mpya. Akijikata: plasta isiyopitisha maji, ya buluu ili ikidondoka ionekane, na glavu juu yake.

MtuWaMaabara: Ingekuwa bakteria wa homa ya matumbo, jibu lingegeuka. Hao hujificha kwenye kibofu cha nyongo miaka mingi na hutoka kwenye kinyesi kwa vipindi, hivyo kipimo kimoja safi hakitoshi. Huyo anatoka jikoni mara moja, na kurudi kwake wanaamua daktari na watu wa afya ya jamii.

JikoniZamu: Nimeelewa. Na dawa ya kupaka puani?

Bwana_Usafi: Huwaondoa kwa muda, mara nyingi wanarudi. Hiyo hela nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama.