Mafundi mnaong'oa themostati na kuunga paipu za hita, huku Njombe tunaendesha kwa kupapasa

Wakuu,

Leo naomba mnivumilie, nimekasirika na nitaandika kirefu.

Mafundi wetu wa magari wana tabia moja imeshakuwa sugu. Kifaa wasichokielewa wanakitoa. Kikivuja, wanakiruka. Halafu unalipa, tena hela ya kueleweka, na ukiuliza unajibiwa "bosi, hiyo haina kazi kwa mazingira yetu." Mazingira yetu yapi? Nani kakwambia Tanzania nzima ni Kariakoo saa nane mchana?

Gari langu ni Hilux ya 1996, injini ya dizeli inayoitwa 3L. Mkweche, sawa, lakini ndilo linalosomesha watoto. Nabeba viazi na parachichi kutoka vijijini kwenda Makambako, na mnunuzi anataka mzigo ufike kabla hakujakucha vizuri, kwa hiyo saa kumi alfajiri niko barabarani. Asiyeijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba amuulize aliyewahi kulala huku. Tuko kwenye mita karibu elfu mbili juu ya usawa wa bahari, alfajiri joto linashuka chini ya nyuzi 10, na ukisogea upande wa Makete unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Ukungu unatanda barabarani hadi taa za lori la mbao unaziona likiwa limeshafika.

Huo ni ukungu wa nje. Sasa kuna wa ndani, na huu ndio unaoua watu. Mkikaa watatu kwenye kebini, pumzi zenu zinagonga kioo cha baridi na kioo kinafunga cheupe. Waipa haisaidii kitu, ukungu uko upande wako. Dawa yake ni hewa ya moto ipulizwe kwenye kioo, na ndiyo maana mbele ya kila gari kuna matundu pale juu ya dashibodi. Hita siyo anasa ya kupasha miguu. Ni kifaa cha usalama kama zilivyo taa na breki. Mimi msimu wote huu naendesha na tambara mkono wa kushoto, dirisha wazi, meno yanagongana, na mama mkwe pembeni amejifunga blanketi ananisemea kwa Mungu.

Nikapeleka gari kwa fundi hapa hapa mjini. Nikamweleza vizuri: feni inapuliza, spidi zote zipo, lakini inatoa baridi tu hata nikitembea saa nzima. Nikamwachia, nikaenda kwenye shughuli zangu. Kurudi nakuta bili: gesi, oili ya kompresa, na ufundi. Jumla elfu themanini. Eti hita ilikuwa imeisha gesi!

Wakuu, HITA HAITUMII GESI. Gesi ni ya AC. Na kompresa ya AC ya gari langu haina hata mkanda, nilinunua gari likiwa hivyo hivyo. Sasa hiyo gesi aliiingiza wapi na ikazungushwa na nini? Kumuuliza, ananiambia "mfumo ni mmoja, mzee." Ufunguo anao yeye, gari liko ndani ya geti lake, nimelipa. Nimewasha gari, hewa inayotoka ni ya friji.

Basi jioni nikafungua boneti mwenyewe na jamaa yangu mmoja, dereva wa malori wa siku nyingi. Yeye hakugusa spana. Aliwasha gari likakaa mpaka likapata moto kidogo, akatafuta paipu mbili za mpira zinazotoka kwenye injini kuelekea kwenye ukuta wa kebini. Hizo ndizo zinazopeleka maji ya moto kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na hiyo rejeta ndogo ndiyo hita yenyewe. Feni inapuliza hewa ikipita humo, hewa inatoka ya moto. Hakuna kingine. Joto la bure la injini ambalo vinginevyo lingetupwa nje.

Sasa nisikilizeni tulichokikuta. Paipu zote mbili zilikuwa zimekatwa kwa kisu, zimekunjwa, na zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha bomba la plastiki, lile jeupe la maji ya nyumbani! Upande mmoja klampu, upande wa pili hakuna klampu, kuna mpira wa tyubu ya baiskeli umezungushwa na kukazwa kwa waya wa kufungia mizigo. Lile bomba lilikuwa limeshaanza kulainika kwa joto na limepinda katikati. Vile vichuma viwili vya kuingilia kwenye rejeta ndogo viko wazi vinatazama injini, kimoja nyigu wa udongo ameshajenga.

Yaani hapakuwa na hita. Yule wa gesi alifungua boneti ile ile, akasimama mbele ya bomba la chooni, akaandika bili ya gesi.

Halafu jamaa akaangalia mshale wa joto kwenye dashibodi. Umelala chini kabisa, haupandi. Akasema "hapa hata themostati hamna." Tukafungua kikombe inamokaa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate moto. Gasketi imefinyangwa na gundi nyekundu mpaka imevimba ndani, na themostati hakuna. Kitupu.

Hii kazi naijua ilifanyika wapi. Gari lilinichemshia njiani nikielekea Dar, nikaliingiza kwenye gereji moja huko huko Dar, nikasema tatizo ni kuchemsha. Wakaniandikia "kusafisha rejeta na kurekebisha mfumo wa maji." Kumbe kurekebisha maana yake rejeta ndogo ilikuwa inavuja, wakairuka bila kuniambia, na themostati wakaitupa. Tena nakumbuka kabla ya hapo kapeti la abiria lilikuwa linalowa, na kioo kilikuwa kinafanya ukungu wa mafuta mafuta wenye harufu ya utamu utamu. Hizo ni dalili za wazi za rejeta ya hita kuvuja, fundi yeyote anayestahili jina hilo anazijua.

Mafundi mnaotoa themostati, mnajua mnachokifanya? Themostati inabaki imefungwa injini ikiwa baridi ili maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate moto. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, namba imegongwa kwenye chuma chake, soma. Ukiitoa, maji yanakwenda kupozwa tangu unapowasha gari. Huku kwenye baridi injini haifiki joto lake kamwe. Mafuta inakula, inakohoa moshi mweupe asubuhi, oili inachafuka mapema, pistoni zinalika. Za petroli zenye sensa ndiyo usiseme, kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, inamwaga petroli muda wote. Mtu analalamika Corolla inakunywa kama lori, fundi anamuuzia plagi mpya.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Injini nyingi za Toyota zina themostati yenye kisahani cha pili upande wa chini. Injini ikipata moto, kile kisahani kinaziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kupozwa. Kwa hiyo kwenye tambarare injini iko baridi kupita kiasi, na kwenye mlima mrefu ukiwa na mzigo INACHEMSHA. Yaani ulichokitoa ili gari lisichemshe ndicho kinachofanya lichemshe. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya kabisa: usiondoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Lakini fundi maiko na kitabu wapi na wapi.

Halafu dereva mzoefu akiona mshale unapanda mlimani, anafungua hita mpaka mwisho na feni juu kabisa, madirisha wazi. Unaoga jasho lakini unaipunguzia injini joto hadi upate pa kusimama. Mimi hiyo nafasi nilishanyang'anywa bila taarifa.

MREJESHO

Nimesoma majibu yenu. Kuna aliyesema "gari la 1996 unataka hita, uza ununue jipya." Mkuu, lete hela. Gari hili lilitoka Japani na hita inawaka, kule wanapita kwenye theluji nalo. Halikuharibika kwa uzee, limeharibiwa kwa kisu.

Kuna aliyeuliza atajuaje lake lina tatizo gani. Shika zile paipu mbili injini ikiwa ya moto, taratibu usiungue. Zote za moto lakini ndani hewa baridi, maji yanafika, tatizo liko kwenye kile kimlango cha ndani kinachoongoza hewa au waya wake umechomoka. Moja ya moto na nyingine baridi, maji hayapiti: ama rejeta ndogo imeziba, ama koki ya hita, ile inayofungulia maji ya moto, haifunguki. Kwenye Hilux hizi koki inavutwa na waya kutoka kwenye dashibodi, na ule waya unachomoka kirahisi sana, angalia hapo kwanza kabla hujampa mtu hela. Zote baridi, angalia kama maji yamepungua, kama kuna hewa imenasa, au kama themostati imeng'olewa. Na kama feni inafanya kazi kwenye spidi ya mwisho tu, hiyo ni rizista yake, kile kifaa cha kupunguza spidi ya feni, imeungua, haihusiani na maji kabisa.

Aliyeandika kwamba alichemsha themostati kwenye sufuria ikafunguka nusu na fundi akaiita mbovu: uko wapi, mkuu? Kama uko nyanda za juu huku, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 93, na themostati ya 82 inafika mwisho wa kufunguka kwenye 95 hivi. Haiwezi kufunguka yote kwenye sufuria ya Njombe. Ikianza kufunguka kabla maji hayajachemka na ikajifunga ikipoa, ni nzima. Irudishe. Na kile kitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu, ndicho kinachotoa hewa.

Suala la maji. Tafadhalini acheni kumimina maji ya mtoni. Kutu na tope vinaanza kuziba vile vijia vyembamba vya rejeta ya hita kabla ya kwingine kote. Nimeona kwa macho yangu fundi anamimina bizari ya unga kwenye rejeta ili kuziba tundu. Ndiyo, tundu liliziba. Na vingine vyote vikaziba. Kulanti (yale maji maalumu ya kupozea injini) nusu na maji safi nusu, basi.

Hali ya gari langu sasa: themostati mpya nimeweka, mshale umekaa katikati kwa mara ya kwanza tangu nitoke Dar, na mafuta naona yanakaa. Paipu mpya nimenunua. Rejeta ndogo ya hita imetobolewa na kutu pembeni, mwenye gereji ya Dar nimempigia simu na ananiambia nilete gari "aliangalie upya", yaani niendeshe kilomita zaidi ya mia saba ili alipwe tena kwa kuunganisha alichokikata. Huyu wa gesi naye anasema elfu themanini hairudi kwa sababu gesi ilishaingia. Nimemwambia basi atoe gesi yake, gari liko nje ya geti lake, mtungi alete. Hajatoka ndani mpaka sasa.

Natafuta rejeta ya hita na koki yake ya Hilux 3L, iliyotumika lakini isiyochomelewa. Mwenye nayo Mwanjelwa ya Mbeya au Gerezani ya Dar aandike bei hapa hapa hadharani, siyo inboksi, na aweke picha ya upande wa vichuma vya paipu. Nikiona gundi nyekundu sinunui.