Serial Experiments Lain: kasha la Blu-ray, DVD za zamani au flashi ya mtaani?

Mtoto_wa_Sokomatola

Wakuu, habari za baridi. Niko Mbeya, nataka kuwa na Lain yangu mwenyewe ya kuweka kabatini. Niliyonayo nilijaziwa kwenye flashi Mwanjelwa. Imebanwa mno, kila kivuli kimegeuka vipande vya mraba mraba, na maandishi ya chini yanachelewa mpaka mtu ameshaondoka ndiyo unasoma alichosema.

Kwa wasioijua: ni anime, yaani katuni ya Kijapani ya TV, ilitoka 1998, episodi 13 tu. Mwongozaji ni Ryutaro Nakamura, mwandishi Chiaki J. Konaka, wahusika wamechorwa na Yoshitoshi ABe. Lain Iwakura, binti wa shule asiye na maneno mengi, anapata barua pepe kutoka kwa mwanafunzi mwenzao aliyekwisha kufa, inayosema ameuacha mwili tu, yeye bado yupo. Humo ndani mtandao unaitwa Wired. Ukikumbuka mwaka 1998 sisi huku tulikuwa tunapanga foleni kwenye simu za posta, unashangaa hawa jamaa walikuwa wanawaza nini.

Nimepata machaguo haya:
- Kasha la kampuni ya Funimation ya Marekani la 2012, lina Blu-ray (diski zenye picha kali kuliko DVD) na DVD pamoja
- DVD za zamani za kampuni ya Pioneer, mtu anauza za mkononi
- Kasha la Blu-ray la Kijapani, lile linaloitwa RESTORE
- Nibaki na flashi, nitafute tu faili safi zaidi

Nina deki ya Blu-ray ya mtumba, TV ya inchi 32, na sabufa. Nishaurini.

Fundi_Kabwe

Mkuu, kabla ya kutuma hela geuza deki usome kibandiko cha nyuma. Blu-ray zimegawanywa kwa herufi. A ni Marekani na Japani, B ni Ulaya, Australia na Afrika yote, yaani na sisi tumo, C ni China, Urusi, India na majirani zao. Deki iliyotoka Uingereza ni B. Iliyotoka Japani ni A. Ukiingiza diski isiyo ya herufi yake inakuandikia tu kwamba haiwezi, hata uifute na shati.

Makasha ya Marekani mengi ni A, mengine wameandika A na B. Mwambie muuzaji akupigie picha ya mgongo wa kasha, utaona kialama cha dunia chenye herufi. Akikataa kupiga picha, achana naye.

DVD nazo zina namba zake. Marekani 1, Japani na Ulaya 2, Tanzania tumewekwa 5. Ila hili lisikuumize kichwa, deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku zinasoma zote.

Na kama deki ni ya Japani, angalia umeme wake. Kule ni volti 100, hapa 230. Imeandikwa 100-240, chomeka. Imeandikwa 100 peke yake, bila transfoma utasikia harufu.

Dada_wa_Gangilonga

Shikamooni wakubwa, wengine habari. Niko Iringa. Mimi naanzia kwingine: hii anime ilitengenezwaje? Ndilo swali linaloamua kama Blu-ray ina maana.

Lain ilichorwa kwa mkono na kupigwa kwenye filamu, na vipande vichache vya kompyuta. Filamu ina undani mwingi kuliko DVD inavyoweza kuonyesha. Kwa hiyo walipoisafisha kwa ajili ya Blu-ray walikuwa na kitu cha kukitoa. Tazama vivuli. Kwenye Lain kivuli cha ukutani si cheusi tupu, kina madoa ya rangi yanayoelea ndani yake kana kwamba kuna kitu kinaishi humo. Kwenye faili lililobanwa madoa hayo ndiyo ya kwanza kufa, kwa sababu programu ya kubana inayaona ni uchafu. Halafu kuna zile skrini za kompyuta zilizojaa maandishi madogo. Kwenye DVD, mistari 480 ya picha, unakisia. Kwenye Blu-ray, mistari 1080, unasimamisha na kusoma.

Jambo la pili, nyaya za umeme. Yeyote aliyeitazama anajua ule mvumo. Nguzo, nyaya, na sauti ya chini isiyokwisha. Sabufa lako ukilifungulia besi kama la daladala, mvumo huo unakuwa ngurumo na umeharibu kila kitu. Shusha besi.

Tatu, picha ya Lain ni ya 4 kwa 3, kama TV za zamani. Lazima ubaki na nguzo nyeusi kushoto na kulia. Watu wanaivuta ijae kioo, Lain anakuwa na mashavu, halafu wanalalamika uchoraji.

RESTORE iache. Nzuri kabatini, ila makasha ya Kijapani kwa kawaida hayana maandishi ya Kiingereza, na hii si hadithi ya kufuata kwa macho tu.

Mlima_Chai

Naomba kupingana kidogo na dada. Nipo Mufindi, huku ukungu tunao wa kutosha, na nasema ule ukungu wa DVD unaifaa Lain. Ni kitu cha 1998. Kilitengenezwa kionekane kwenye TV ya mgongo, kikitetemeka kidogo. Ukishakisafisha mpaka unaona kila chembe, umebadilisha hali yake.

Halafu watu wasidhani kila Blu-ray ni maajabu. Anime nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilipakwa rangi kwenye kompyuta kwa ukubwa mdogo, hakuna filamu ya kurudia. Haibane Renmei ya 2002, ambayo naipenda kuliko Lain (nipigeni mawe), chimbuko lake ni huyo huyo ABe. Huko Blu-ray ni picha ndogo iliyokuzwa tu. DVD inakutosha kabisa.

Tahadhari moja: DVD za Ulaya za zamani usichukue bila kuuliza. Nyingi zilikimbizwa kutoka picha 24 kwa sekunde hadi 25, mwendo unaongezeka asilimia 4 hivi. Ule wimbo wa kufungulia, Duvet wa bendi ya Bôa, utausikia umepanda sauti kidogo. Ukishausikia hivyo huwezi kuacha kuusikia.

Mzee_wa_Kibanda_Tukuyu

Vijana mnazungumzia mistari 1080 wakati wengi huku wanatazamia simu. Mimi nina kibanda umiza. Flashi ndiyo imewafanya watoto wa Tukuyu waijue hiyo anime. Na ingekuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na jamaa wa kutia sauti juu, wangeielewa zaidi.

Dada_wa_Gangilonga

Shikamoo mzee. Kwa muvi za ngumi nakubali kabisa, mtafsiri mzuri anaongeza utamu. Lakini hapa nusu ya hadithi iko kwenye kunyamaza. Lain anakaa mezani na familia yake, hakuna anayesema. Mtafsiri hapo atajaza nini? Ataanza kutaja majina ya rafiki zake na duka la shemeji yake.

Ninachokipenda katika wazo lako ni Kiswahili. Mwenye diski anaweza kukaa na kuandika maandishi ya chini ya Kiswahili, faili dogo tu la kuweka pembeni ya video. Episodi 13 si mzigo wa kutisha. Ya tisa tu itamtoa jasho: Roswell, Vannevar Bush, Ted Nelson na Xanadu yake, John C. Lilly, watu na mambo halisi ya Marekani, vyote vinapita kama taarifa ya habari.

Mzee_wa_Kibanda_Tukuyu

Marahaba. Mkiandika mniletee, nitaiweka siku za katikati ya wiki ambazo hakuna mpira.

Mpakani_Tunduma

Mbona hakuna aliyetaja kutazama mtandaoni? Bando la usiku, unalipia mwezi, basi.

Mlima_Chai

Kwa sababu kijana anataka ya kuweka kabatini. Funimation hao hao waliwapa watu nakala za dijitali ndani ya makasha yao. Aprili 2024 programu yao ikafungwa, watu wakahamishiwa Crunchyroll, huduma nyingine ya kutazama anime mtandaoni, nakala zile hazikuhama nao. Waliokuwa na diski hawakupoteza kitu.

Mtoto_wa_Sokomatola

Nimegeuza deki. Imeandikwa B, na umeme 220-240. Muuzaji wa kasha la 2012 nimemwomba picha ya mgongo, bado kimya. Swali: ikija A peke yake, zile DVD za humo ndani nitazipigia kwenye laptopu?

Fundi_Kabwe

Ndiyo. Tumia VLC, programu ya kuchezea video, mara nyingi haijali namba ya eneo. Laptopu ikikuuliza ubadilishe eneo la mashine ya diski, kataa kwanza, maana inaruhusu mabadiliko matano tu halafu inajifunga hapo hapo. Ila Blu-ray kwenye laptopu usitegemee, zina kufuli lake na VLC peke yake haifungui.

Kwa hiyo hata kwa bahati mbaya una DVD. Ndiyo maana mimi ningechukua kasha hilo kuliko zile za Pioneer za mkononi. Diski za mkononi ziangalie kwenye mwanga kwanza, na za huyo muuzaji wako huwezi kuziangalia.

Mlima_Chai

Hapo kwenye mikwaruzo sina ubishi. Akinunua, aziweke DVD na Blu-ray za kasha hilo hilo, episodi ya kwanza, kivuli cha kwanza, atuambie nani alikuwa sahihi.

Mtoto_wa_Sokomatola

Muuzaji amejibu. Picha imekuja, imefifia, naona A na kitu kama B pembeni. Nimemwambia aipige tena juani. Nauli ya kifurushi inakaribia bei ya kasha lenyewe, kwa hiyo kama kuna ndugu yake mtu anarudi kutoka Marekani kabla ya Desemba na ana nafasi kwenye begi, aniandikie faraghani.