Pawa saplai ya "wati 500" imelipuka baada ya miezi miwili. Ninunue ipi sasa?

Kamera_Moro
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla sijatupa hela mara ya pili.

Nina Dell OptiPlex 7020 ya mtumba, ile ya kasha kubwa la kusimama, prosesa Core i5-4590, RAM 16. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu hapa Morogoro. Kuna mteja alikwama hela ya kumalizia, akanilipa kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super. Kadi inataka waya wa pini 8, na pawa saplai ya Dell ya wati 290, ile inayoilisha mashine umeme, haina waya huo. Fundi akaniuzia mpya ya "wati 500" kwa 35,000, na adapta ya kugeuza pini 24 ziwe pini 8 za Dell. Akasema 500 ni nyingi kuliko 290. Hesabu hiyo niliielewa vizuri tu.

Juzi usiku video inamalizikia, iko asilimia 80 hivi, nikasikia paa! kama chupa ya soda imepasuka. Cheche kwenye matundu ya nyuma, harufu ya kuungua, breka ya nyumba ikaanguka. Bwana harusi anapiga simu tangu jana.

Bajeti ni 120,000, nikijikamua sana 150,000. Wapo wanaoniambia nichukue ya wati 750 isilemewe. Halafu kingine: tangu zamani kasha linanitekenya nikiligusa nikiwa peku. Vinahusiana?

Ndizi_Mzuzu
Pole mkuu. Mwambie bwana harusi umeme ulikatika. Si uongo, ulikatika kwako tu.

FundiMita
Pole sana kiongozi. Kwanza usiifungue hiyo iliyolipuka, hata kama imechomolewa. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na chaji ya volti zaidi ya 300 na haina adabu. Tusomee lebo ya ubavuni. Mstari wa +12V, unaolisha prosesa na kadi, unasemaje?

Kamera_Moro
+12V 14A, +5V 28A, +3.3V 22A. Chini kwa maandishi makubwa: 500W MAX. Ina swichi nyekundu ya 115/230, iko kwenye 230. Halafu ni nyepesi mno. Nimeishika mkono mmoja na ile ya Dell mkono wa pili, ni kama mkate na tofali.

FundiMita
Umeona ulipopigwa? Zidisha 12 kwa 14, unapata wati 168. Prosesa yako imekadiriwa wati 84, kadi wati 125. Hapo ni 209, diski na feni bado. Ukihariri video vyote viwili vinakula kwa pamoja, tena saa nzima mfululizo.

Zile ampea nyingi za 5V ni mpangilio wa zama za Pentium III, prosesa ilipokuwa ikivuta huko. Tangu Pentium 4 mzigo ulihamia 12V, ndiyo maana ikaja ile plagi ndogo ya pini 4. Na hata ukijumlisha mistari yote mitatu ya lebo yako hufiki 400. Hiyo 500 aliyeiandika anajua mwenyewe.

Siwezi kuapa kwamba mzigo ndio ulioiua, huenda kuna kifaa kibovu kilikuwemo tangu mwanzo. Lakini ilikuwa inabebeshwa kuliko lebo yake yenyewe inavyokiri.

Bei_Chee
Mnamtisha mwenzenu. Mimi natumia ya 30,000 mwaka wa tatu huu, haijawahi hata kukohoa.

FundiMita
Una kadi gani ya grafiki mkuu?

Bei_Chee
Sina, natumia ya ndani ya prosesa.

FundiMita
Haya.

Bi_Kisauni
Ndugu yangu pole, salamu kutoka Mombasa. Hiyo ya 750 achana nayo. Kwa bei hiyo ni jamaa yuleyule, kavaa koti kubwa tu.

Kwa mashine yako 450 ya kweli inatosha na kubaki. Ya kweli utaijua kwenye lebo: 12 mara ampea za +12V lazima zikaribie namba kubwa ya mbele. Corsair CX450, kwa mfano, ina ampea 37 na kitu. Seasonic S12III na Cooler Master MWE Bronze pia nimezifunga kwa watu, sijajuta. Mpya zikikushinda bei, tafuta ya mtumba iliyotoka kwenye mashine nzima, ila mulika tochi kwenye matundu uangalie kapasita zilizovimba kichwani, na izungushe feni kwa kijiti uone kama inakwama.

Usilewe na stika ya 80 Plus. Inapima ufanisi tu. Bronze kwenye nusu ya mzigo inafika asilimia 85, yaani kompyuta ikila wati 200, ukutani unalipia kama 235. Haikuambii kama itajizima yenyewe kukitokea shoti. Tena stika yenyewe inachapishwa popote.

Ndizi_Mzuzu
Au auze kadi, achukue GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Ile inaishi kwa wati 75 za kwenye sloti inapochomekwa, arudishe pawa saplai yake ya Dell maisha yaendelee. Kwani ile ya Dell bado unayo kweli?

Kamera_Moro
Ipo, mtoto anaiendesha kama gari.

FundiMita
Mnyang'anye leo! Ifunge bila ile kadi, skrini uichomeke kwenye tundu la nyuma la mazabodi, ile bodi kuu. Kwa njia hiyo utajua kama mashine ilinusurika kabla hujatoa hata mia. Na asije mtu akakuuzia adapta ya kutoa plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kwenda pini 8 ukaitumia na hiyo ya Dell. Plagi ya SATA mwisho wake ni kama wati 54 kwenye 12V, pini 8 inaruhusiwa kuvuta 150. Plastiki inayeyuka.

Sasa kutekenya. Kompyuta unaichomeka wapi?

Kamera_Moro
Kwenye ekstensheni. Plagi ya ekstensheni ni ya pini mbili za duara, soketi ya ukutani ni ya pini tatu, kwa hiyo nachokonoa tundu la juu kwa kalamu ndipo inaingia.

FundiMita
Wengi tunafanya hivyo, na jibu ni hilohilo. Tundu unalochokonoa ndilo la ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Mlangoni mwa pawa saplai kuna filta yenye kapasita ndogo mbili zilizounganishwa na bati la kasha. Ethi ikikosekana, kasha linaelea kwenye nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115. Mkondo ni mdogo ndiyo maana unatekenywa tu, na hata pawa saplai nzuri itafanya hivyo. Siku waya wa laini ukigusa bati kwa hitilafu, hautakuwa mtekenyo. Nunua ekstensheni ya pini tatu yenye waya wa kijani na njano, kisha mwite fundi umeme apime kama ethi ya nyumba ipo kweli au soketi ni pambo.

Kamera_Moro
Mrejesho. Nimerudisha ya Dell bila kadi, IMEWAKA. Video ya harusi imetoka kwa kujikokota usiku kucha, bwana harusi katulia.

Leo nilishuka Kariakoo. Duka la kwanza nikaomba kusoma ampea, muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kufanya ukaguzi. La tatu nimepata CX450 ya mtumba kwa 110,000, wameniwashia palepale na kadi yao. Ekstensheni ya pini tatu nimechukua pia. Nafunga usiku huu.

FundiMita
Safi. Kabla hujafunga, ile adapta ya pini 24 ndiyo ileile ya zamani? Iangalie pini zake kwenye mwanga.

Kamera_Moro
Mbili zimegeuka kahawia.

FundiMita
Tupa. Subiri upate nyingine ndipo ufunge.