Krosova ya sabufa: ikate risiva au ikate sabufa yenyewe?

Muulizaji:
Ndugu wataalamu, nina risiva ya chaneli 5.1, spika tano na sabufa yenye amplifaya yake ndani. Kinachonichanganya ni vidhibiti viwili vinavyoelekea kufanya kazi moja. Kwenye menyu ya risiva krosova, yaani mpaka ambapo besi inaachwa na spika na kupelekwa kwenye sabufa, iko 80 Hz, na nyuma ya sabufa kuna kitufe cha kuzungusha kinachoanzia 40 hadi 150, ambacho nacho nimekiweka 80. Nikikaa kwenye kochi, lililo katikati ya chumba, besi ni hafifu na gitaa la besi karibu halisikiki, lakini nikisimama konani inanguruma kupita kiasi. Spika za mbele zinashuka hadi 55 Hz kwa mujibu wa mtengenezaji, na risiva imezitambua kuwa kubwa. Nitumie kidhibiti kipi?

Jibu la kwanza:
Iachie risiva kazi hiyo peke yake. Kitufe cha sabufa kizungushe hadi mwisho, au kama ina swichi iliyoandikwa LFE, iwashe ili kichujio cha ndani kisitumike kabisa. Vichujio viwili vikipangana kwenye 80, sabufa hufifia mapema kuliko inavyotakiwa, na hapo panazaliwa shimo kati yake na spika.

Pili, badilisha spika za mbele ziwe ndogo. Neno hilo halihusu ukubwa wa kasha. Linaiambia risiva kwamba besi ya chaneli hizo ipelekwe kwenye sabufa. Zikibaki kubwa, krosova haizigusi, na gitaa la besi unalolitafuta linaachiwa spika zinazochoka zikikaribia 55. Kiwango cha 80 Hz, ambacho ndicho pia THX, wanaoweka viwango vya sauti za sinema, wanachokipendekeza, kinazipa nafasi ya kupumua, na chini ya hapo sikio hupata shida kutambua sauti inatoka upande gani. Ukiona kipengele cha LFE kilichowekwa 120 Hz, usikishushe, kwa sababu hicho ni cha chaneli ya besi ya filamu, ambayo hurekodiwa hadi kufikia hapo.

Jibu la pili:
Naafiki, ila mipangilio haitaondoa kasoro ya kochi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 40 Hz lina urefu wa karibu mita 8.6, na chumba chenye urefu wa nusu ya hapo hulifanya lijikusanye kwenye kuta na kujifuta katikati. Mtu aliyeketi katikati hupungukiwa na besi hata akiongeza sauti vipi. Atakachofanikiwa ni kuwaudhi majirani. Sogeza kochi nyuma kidogo, kisha iweke sabufa kwa muda pale unapokaa, piga muziki wenye besi inayotembea, na utambae ukutani ukisikiliza kichwa kikiwa karibu na sakafu. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa ndipo pa kuiweka. Inachekesha kutazama, lakini sijaona kifaa cha bei ndogo kinachoishinda mbinu hiyo.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Kitufe na spika nimevirekebisha na gitaa limerudi. Kochi nitalisogeza. Swichi ya fezi, ile ya kugeuza mwelekeo wa wimbi la sabufa, yenye 0 na 180, niiweke wapi?

Jibu la kwanza:
Ihamishe sabufa kwanza, kwa kuwa jibu hutegemea mahali ilipo. Kisha piga toni ya 80 Hz kupitia spika za mbele na sabufa kwa pamoja, uketi mahali pako, na mwenzako abadilishe swichi. Upande ambao toni inasikika kwa nguvu zaidi ndio sahihi, maana hapo spika na sabufa zinasukuma hewa kwa pamoja. Mwishowe rudia kipimo cha maikrofoni ya risiva. Kikionyesha kwamba sabufa iko mbali kuliko futi yako inavyosema, usikisahihishe: umbali huo umejumuisha ucheleweshaji wa vichujio na saketi za ndani ya sabufa.