Barua ya pili ya onyo kwa kusinzia kazini: nihamie zamu ya usiku au niache kazi?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Nimepewa barua ya pili. Sinywi pombe, nalala mapema, lakini naamka kichwa kinagonga na mdomo mkavu. Juzi kikaoni nimeshtuliwa na vicheko, mate yameshafika kwenye daftari. Nihamie zamu ya usiku ambako hakuna wa kunichungulia, au niache kazi kabla hawajanifukuza?

MzeeKifimbo: Simu hizo! Zima simu, sali, lala.

Kijogoo: Ofisini kwetu kuna mmoja alikuwa anasinzia ameshika kidevu. Wakajua anatafakari, wakampa ukuu wa idara 😂

NesiWaZamu: Mkuu, unakoroma?

Mleta mada: Wife kahamia sebuleni. Anasema nakata pumzi, halafu nashtuka kama nimekabwa. Ila mimi nimeuliza habari ya kazi.

NesiWaZamu: Ndiyo hiyo hiyo. Inaitwa sleep apnea, yaani kukata pumzi usingizini. Koo linalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unakushtua ili upumue. Ikifika mara 30 au zaidi kwa saa, hiyo ni kali. Unalala usiku kucha na hujapumzika. Kuna kipimo cha usingizi, na mashine ya kusukuma hewa puani ipo tangu 1981. Unafanya kazi gani?

Mleta mada: Ya kawaida tu, kampuni ya usafirishaji.

Tausi: Mezani au barabarani?

Mleta mada: Naendesha basi la wafanyakazi. Msianze! Sijawahi kugonga hata paka. Nikichoka nafungua dirisha, nimeizoea njia. Na fomu ya zamu ya usiku nimeshasaini, posho yake nzuri. Nikienda kwa daktari ataandika, leseni ikienda watoto watakula nini?

Tausi: Na watoto wa abiria wako je?

FundiMita: Mwaka 2016 treni ilipitiliza na kugonga kituo cha Hoboken, Marekani. Mmoja alikufa, zaidi ya 100 wakaumia. Wachunguzi wakakuta dereva ana tatizo hili, kali, na hakuwa anajua. Wewe umeshajua. Uingereza wanakusimamisha, ukitibiwa na usingizi ukadhibitiwa unarudi kwenye usukani.

MzeeKifimbo: Punguza na kitambi.

NesiWaZamu: Uzito unachangia kweli, ila hata wembamba wanapata. Na waajiri wanaumia: madaktari wa usingizi wa Marekani walikadiria wenye tatizo hili wasiogunduliwa waliigharimu nchi hiyo dola bilioni 149.6 mwaka 2015, sehemu kubwa ni kazi isiyofanyika vizuri. Bosi ana sababu ya kukutibu.

Kijogoo: Subirini. Dereva wa basi, kikaoni, na daftari? Hii chai, tena ya moto.

Tausi: Hata mimi nilianza kushtuka. Mwanzo kazi "ya kawaida", sasa basi. Kesho atakuwa rubani.

Mleta mada: Kikao cha usalama barabarani, madereva wote tunaandika!

Kijogoo: Umelala kwenye kikao cha USALAMA? 😂😂 Basi nimeamini, hilo halitungiki.

NesiWaZamu: Fomu ya usiku irudishe, usiku usingizi utakuzidi zaidi. Omba likizo ya ugonjwa na barua ya rufaa. Usukani uache hadi upimwe.

Mleta mada: Fomu bado ipo kwa msimamizi. Ila posho...

MamaWawili: Samahani kuingilia. Mume wangu anakata pumzi hivyo hivyo, na kazi yake ni kupanda nguzo za umeme. Nifungue uzi wangu au niulize hapa hapa?